Waya wa Nje

Nyumba ya mama Tusajigwe imeegemea mteremko:
kwa mbele utadhani ni ya chini,
ukizunguka nyuma ina ghorofa.
Chumba cha chini hakikuwamo kwenye ramani.
Walichimba udongo wa matofali, shimo likabaki,
wakalipa mlango.

Humo ndimo anataka kuweka mashine ya kutotolea vifaranga.
Mayai mia mbili sitini na nne, siku ishirini na moja,
na Tukuyu hii, mwezi wa sita,
baridi inaingia hata kwenye sufuria iliyofunikwa.

"Waya usionekane," akasema.
"Wageni wakishuka wasije wakadhani umeme wangu ni wa wizi."

Nikampa Syabumi tindo. Akapiga mara saba.
Ukuta ni mawe meusi ya Rungwe,
yaliyowahi kuwa moto yenyewe;
hayakuonyesha haja na huu wetu.
Tindo ikarudi pua imebondeka.

Basi utapita nje.

Kutoka bodi kuu, pale penye luku,
breka ya ampia thelathini na mbili,
tundu moja sakafuni, limezibwa vizuri panya wasipishane nao.
Ngazini, ambako magunia ya mahindi hupita yakisugua,
nimeuvika paipu.
Kisha ukutani, wazi, kwa pima maji,
klipu kila shibiri,
na kwenye kona sikuukunja kama karatasi,
nimeupindisha taratibu
kama unavyomgeuza mtoto aliyelala.

Bodi ndogo nimeipandisha usawa wa kifua,
maji ya masika yasiifikie.
"Huku chini," namwambia Syabumi,
"nyutro na ardhi hawakai pamoja.
Wanakutana juu tu, mara moja.
Ni kama kwetu zamani, mke wa mtoto na baba mkwe:
boma moja,
njia mbili."
Anacheka. Bibi yake alijificha migombani
miaka yote ya ndoa.

Kisha ananiuliza:
"Fundi, kwa nini tusiufiche kwa plasta, hata kidogo tu?"

Nikamwomba bisibisi.

Kyimo, mwaka ule wa mvua ya mawe,
waya ulinipungukia pima moja na nusu,
duka limefungwa, na mwenye nyumba anahamia kesho.
Niliunga ndani ya ukuta.
Nilisokota, utepe mweusi mizunguko minne,
saruji juu yake, na juu ya saruji rangi ya maziwa.
Nikalipwa. Nikasifiwa: kazi safi, hata waya huuoni.
Ukuta ulinyamaza miaka mitatu.
Usiku mmoja ukazungumza.

Liliungua godoro, zikaungua sare za shule,
watoto walikuwa kwa shangazi yao, kwenye msiba.
Watu wakasema ni mshumaa.
Nami nilipokwenda kuwapa pole
nikasema, mishumaa hii, jamani,
na mkononi nilikuwa na kilo mbili za sukari.

Sijamwambia Syabumi. Nimemwambia:
"Kaza hiyo klipu."

Huu wa leo panya akiuguguna, utaona.
Ukilowa, utaona.
Mtu yeyote akishuka na tochi
ataufuata kwa kidole kutoka mwanzo mpaka mwisho
asikute fundo.

Saa kumi na moja jioni nikapandisha breka.
Mashine ikaguna, ikatulia,
taa nyekundu, kisha ya kijani.
Mama Tusajigwe akauangalia waya kwa muda mrefu,
akaukubali kama mtu anavyokubali mkwe asiyemchagua.

Juma lililofuata nilipita kukagua.
Mayai yalikuwa na joto, ukiyamulika unaona mishipa.
Na juu ya waya wangu, kati ya klipu ya tisa na ya kumi,
alikuwa ametundika mafungu manne ya vitunguu
na kanga mbichi.

Sikugomba.
Niliviteremsha kimoja kimoja,
nikatafuta ufa kati ya mawe, upande wa pili,
nikapigilia misumari mitano
hata sikuiandika kwenye risiti.