Zilizobaki Kabatini

Kila tarehe mosi Novemba tunakutana Łódź,
makaburini, safu ya kumi na saba, karibu na bomba la maji,
watu wanne tusiojuana kwa lolote lingine:
Bogumiła, dereva wa tramu,
Zenon, fundi wa meno bandia,
Kinga, aliyezaliwa mwaka ule ule aliozikwa Halszka,
na mimi, niliyemwona jukwaani mara moja,
tena nyuma ya nguzo.

Mji mzima umebeba mishumaa katika vikombe vya kioo.
Moshi wa nta, majani yaliyolowa, watoto wenye pua nyekundu.
Sisi tumebeba chupa ya chai
na ubishi.

Sheria ni moja: nyimbo za uhai wake haziguswi.
Zile kila mtu anazijua, zinapigwa arusini,
zinapigwa hata kwenye lifti za hospitali.
Sisi twazungumzia zile zilizotoka
mwenyewe akiwa tayari chini ya jiwe hili.
Makombo, kampuni iliziita,
kisha ikayauza makombo hayo mara tatu
kwa majalada matatu.

"Ngazi ya Nne," anaanza Bogumiła, kama kila mwaka.
Ubeti wa pili hauna maneno. Hakuwahi kuyaandika.
Anaghuna tu, kama mtu anayepapasa ufunguo mkobani.
"Huusikiliza saa kumi alfajiri, tramu ikiwa tupu,
najaza maneno yangu mwenyewe.
Mwaka jana nilimtia mume wangu mle.
Mwaka huu nimemtoa."

Zenon hataki kusikia. Kwake ni "Chumvi",
ile ya dakika moja na nusu, kabla haijatiwa fidla.
"Kabla!" Anagonga kifuniko cha chupa.
Maana miaka miwili baada ya maziko
walimkodia fidla kumi na mbili zimsindikize,
yeye aliyetaka gitaa moja tu,
tena lenye uzi uliokatika.
Ni kumvika maiti meno ya dhahabu, asema Zenon,
na meno anayajua.

Kinga ana utepe wa jikoni:
Halszka anakosea, anacheka, anasema "Tena,"
kisha mlango, kisha mbwa, kisha basi.
Huo si wimbo, tunamwambia.
"Nyinyi mlimkuta hai," anajibu.
"Mimi nina hiyo 'tena' tu."

Chai ikazunguka.

Yangu ni "Koti la Jirani". Sababu siitoi.

Hatukuwa tumemjali yule mama mwenye brashi,
akisugua kuvu kwenye herufi za jina;
tulidhani amekosea kaburi.
"Aliniagiza nizichome," alisema, bila kugeuka.
"Dada yangu. Zote kumi na moja, sanduku la viatu.
Jiko nilikuwa nalo, kiberiti nilikuwa nacho.
Bili ya umeme nayo ilikuwapo."

Akakamua kitambaa. Maji meusi.
Kumlaumu ungekuwa ufidhuli,
kumshukuru pia.
Zenon alivua kofia, akaivaa.

Kisha Kinga, kwa sauti ya mtoto anayeuliza kama keki imebaki:
"Kumi na moja? Zilizotoka ni kumi."

Dada mtu alimtazama muda mrefu.
"Ile ni mbaya," alisema.
"Ile ni mbaya kwelikweli."
Akaokota ndoo.

Tulimsindikiza hadi kituoni, tukipokezana ndoo
kana kwamba ina kitu ndani.
Bogumiła akamlipia tiketi.
Milango haijafunga vizuri, tukaanza:
Zenon anaapa ile mbaya haina fidla hata moja,
Bogumiła anaapa ina maneno yote, mpaka mwisho,
Kinga anataka kujua kama mbwa yumo.
Nikasema: mbaya ni mbaya, mmesikia wenyewe,
hata yeye aliweza kutunga wimbo mbovu.

Wakanitazama
kana kwamba nimezima mshumaa wa mtu kwa kiatu.