Safu ya Maelezo

Saa kumi na mbili na robo, kabla sijanywa chai,
nateremka chini ya daraja la Sabaki
kuusoma mto.
Ubao wa kipimo umesimama majini,
magogo yameupiga hadi ukapinda kama jino la mbele la Mbeyu.
Nasoma: mita moja, sentimita kumi na nne.
Naandika. Napiga mstari. Napanda.

Kazi hii aliniachia baba, Nzai wa Gunga,
pamoja na madaftari kumi na tisa
na viatu vya mpira vinavyonipwaya hadi leo.

Baba hakuwahi kuyaona maporomoko.
Sisi wa mwishoni twaupokea mto umeshachoka,
rangi ya chai ya maziwa iliyopoa,
umebeba bara zima kifuani na hauna la kusema.
Kimya kingi kina mshindo, alizoea kuniambia,
nami nikidhani mshindo huo bado uko njiani.

Mwaka juzi mhandisi, Bi Nkatha, akanipakia kwenye pikapu.
Tukapanda na mto kutwa nzima, vumbi hadi kwenye kope.
Nikausikia kabla sijauona.
Kule majabali yanaubana,
majabali yenye vitundu kama mkate wa kumimina,
hadi mwenye tamaa angetaka kuuruka;
kisha unaanguka, unainuka, unaanguka,
harusi na matanga katika ua mmoja.
Nikasimama ndani ya viatu vya baba.
Kumbe ndiwe?

Bi Nkatha akanichorea mchangani: ukuta, bomba, gurudumu, waya.
"Maji yenu mtayapata yote," akasema.
"Tunachochukua ni kule kuanguka kwake tu."

Nimelala na neno hilo misimu miwili.
Kwa jirani yangu Haluwa friza hunguruma usiku kucha
kwa umeme wa mto mwingine,
nao umepokonywa kishindo chake huko mbali,
kikakatwakatwa, kikapitishwa kwenye nyaya,
kikauzwa kwa tokeni za shilingi hamsini.
Humo ndani barafu za ubuyu zinaganda.
Watoto wanalamba poromoko, midomo myekundu.
Tokeni zikiisha friza inakohoa, inanyamaza,
na ubuyu unachuruzika sakafuni
ukiitafuta bahari.

Sikatai umeme.
Mbeyu anasomea koroboi, na mtihani ni Novemba.
Lakini nilimuuliza: na udongo je?
Ule mwekundu unaowaudhi wageni wa hoteli za Malindi
masika yakiichafua bahari yao,
ndio huo unaotulishia mihogo na mchicha ukingoni.
Ukuta utaufungulia mlango?
Bi Nkatha akaufuta mchoro kwa ncha ya kiatu, taratibu.
"Hiyo," akasema, "iko safu nyingine."

Nimezitafuta safu. Tarehe. Saa. Kimo.
Ya mwisho ni Maelezo,
ambamo baba aliandika kiboko, au gogo,
na siku moja tu, kwa wino uliolowa: mama Nzai kafariki.

Leo ni mita moja, sentimita tisini na mbili.
Imenyesha bara.
Maji yanagonga nguzo za daraja, yanasukumana,
na kwa mara ya kwanza nimeinamisha sikio badala ya jicho.
Nimeandika, Maelezo:
unasikika.