Bidoni Mia Saba na Arobaini

Daftari lilikuwa la madeni:
Mama Cibalonza, chupa tatu, bado.
Mwalimu wa Panzi, nusu bidoni, anakana.
Nikaligeuza, nikaanzia nyuma,
ukurasa mweupe, nikaandika SALVADOR.
Chini yake nikaweka tarehe. Nikaifuta.
Nikaiandika tena kwa penseli.

Mugisho, mtoto wa dada yangu, ndiye aliyenionyesha
kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka:
mwanamke wa rika langu, kilemba cheupe,
sketi pana kama hema la harusi,
amekaa kando ya bahari anakaanga bajia za kunde
ndani ya mafuta mekundu.
Nikasema, simamisha hapo.
Mafuta yale nayajua.
Miaka kumi na tisa nayapima Kadutu kwa kikombe,
yamenipaka kucha rangi isiyotoka hata kwa majivu.
Kama yale si mawese, mimi sijazaliwa.

Basi tunapanga. Umeme ukikatika tunapanga kwa tochi.
Pasipoti: picha mbili, kusubiri, na soda ya karani.
Kadi ya homa ya manjano ninayo,
panya wamekula pembe moja tu.
Viza iko Kinshasa, na Kinshasa barabara haifiki,
kwa hiyo kabla ya safari kuna safari.
Tiketi: Mugisho akataja bei, nikacheka.
Akaitaja tena, nikaacha kucheka.
Nikaigawanya kwa faida ya bidoni moja:
bidoni mia saba na arobaini.
Mwalimu wa Panzi akilipa,
mia saba thelathini na tisa na nusu.

Mama Cibalonza, meza ya pili, nyuma ya sambaza zake:
Maji huna hapa? Teremka Nguba, uoge bure!
Namwambia, ziwa letu lina ng'ambo.
Nikisimama naona nguo za watu wa Rwanda kwenye kamba.
Nataka maji yasiyo na jirani.
Na utavaa nini? Huko wanavaa uzi!
Tulicheka mpaka mteja akaenda zake.
Nitavaa kitenge. Nitakipandisha hadi magotini, basi.
Labda juu kidogo,
kama hakuna mtu wa Bukavu.

Kati yetu na wao ni masaa matano.
Saa kumi na mbili, ninapofunika bidoni,
kwao ni saa saba, jua la utosi,
na yule mwanamke ndiyo kwanza anachochea jiko.
Jua lile lile, nimeshalitumia.

Lakini swali moja sikuliandika.
Mchikichi hauogelei. Nani aliupeleka?
Mugisho akakaa kimya,
kidole kikisukuma maneno juu ya kioo,
kisha akasema, Mama mdogo, wale hawakupanga.
Hakuna aliyewaomba picha mbili.
Hakuna aliyewauliza watakaa siku ngapi,
watafikia kwa nani,
tiketi ya kurudi iko wapi.

Usiku ule sikujumlisha kitu.

Asubuhi mvua, Kadutu yote matope, chupa nne tu.
Nikaongeza mstari kwenye orodha ya mizigo,
kati ya malapa na dawa ya malaria:
mawese ya Fizi, yale mazito, kichupa kimoja,
kifungwe vizuri kisimwagikie nguo.
Mugisho anasema forodha watakitupa.
Wakitupe. Kucha hawataniosha.
Nitachuchumaa mbele ya karai lake,
Kireno sijui,
nitamwonyesha vidole.

Zimebaki bidoni mia saba ishirini na tatu.
Mwalimu wa Panzi bado anakana.