Nyuma ya Ukosi

Kwa dobi, Mabela, mtaa wa gereji.
Pasi inapumua, Biram Ñang anapumua nayo.
Nimeleta kanzu tano za mume wangu.
Kila moja anaibana kikaratasi nyuma ya ukosi:
sitini na mbili, sitini na mbili.

"Kiwolofu ndivyo kilivyo," asema kwa Kiarabu cha dukani.
"Jina halivui nguo. Alama huja nyuma."

Mimi Kiswahili changu bibi alikitoa Wete,
sanduku moja na mbuzi ya nazi.
Nimezoea neno livae kofia mbele:
mtu, watu, kisu, visu.

Ananihesabia ndani ya mvuke.
Ndox mi, maji.
Suuf si, mchanga.
Fas wi, farasi.
Na wakiwa wengi? Fas yi.
Farasi mwenyewe hata kwato hakusogeza.
"Hata kwetu," nikasema, "farasi ni farasi,"
tukacheka, pasi ikaunguza kidogo pindo.

Na simu? Na gari?
"Telefon bi. Oto bi.
Maneno mageni mengi huangukia bi,
haiwaulizi pasi wala mwisho wa viza."
Kumbe ipo herufi ifanyayo ukafili bure!
Na mimi hapa naitwa Bi Thuwaiba.

Kisha mtu.
"Nit ki."
Ki? Nikakunja uso.
Ki kwetu ni ya kijiko, ya kiatu.
"Nit ki, këf ki. Mtu, na kitu.
Chumba kile wamo karibu peke yao."
Hakucheka safari hii.
Nje basi la vibarua lilipita, madirisha yana nyavu.
Nami nikakumbuka, mtu, kitu:
hata kwetu tumbo ni moja,
kofia tu ndiyo iliyowatenga.

"Ngoja," akasema, akigeuza mkono wa kanzu.
"Wakiwa wengi, vitu huenda kwa yi, na farasi.
Watu hawaendi huko. Nit ñi.
Hiyo ñi ni yao."

Alhamisi nikarudi kuchukua.
Nikamuuliza nyumba.
"Kër gi," akagonga meza ya pasi, hii hapa.
"Kër ga."
Hakugonga kitu.
Irabu moja, na ndani yake ndege mbili
na mtoto anayejifunza kutembea kwa video.

Riali moja na baisa mia mbili.
Nikalipa.
Nyumbani nikatoa pini nne.
Ya tano nimeiacha.
Mume wangu anaswali nayo, hajui.