Betri ya Jumuiya

Asubuhi, Wete, nafungua boneti:
waya mbili zinaning'inia.
Hazikukatwa. Zimefunguliwa kwa spana namba kumi,
kwa adabu, na nati zimepangwa juu ya bampa.

Juzi kioo cha kushoto. Kabla yake tairi la akiba.
Kenta yetu inakunwa kama nazi,
mimi nimebaki kushika kifuu.

Mlinzi Shaame anaapa hakulala.
"Boneti niliisikia. Nikajua ni wewe,
Mbarouk, una bidii."

Nyuma, mapipa ya maji ya skuli yamejaa,
yamekaa.

Machomane, kwa muuza vyuma, naiona.
Ina herufi Z, niliyoichora mwenyewe
kwa rangi ya kucha ya binti yangu Zamlati.
"Hii yangu."
"Itakuwa yako. Elfu themanini."

Polisi watataka maelezo mpaka Ijumaa,
na Kiuyu wana kiu leo.
Nalipa.
Risiti ananiandikia kwa mwandiko unaoshinda wangu:
Betri moja. Imetumika.
Anagonga na muhuri.

Bi Mgeni wa hesabu anaiinua karatasi dirishani.
"Tumenunua chetu?"
"Ndiyo."
"Kwa pesa zetu?"
Nakohoa.
"Sasa niiandike wapi?"
Kalamu inapita Mafuta, inapita Matengenezo,
inasita,
inatua kwenye Sadaka.

Usiku betri inalala kwangu, uvunguni.
Mke wangu hajauliza kitu.
Amesogeza ndoo, ikapata nafasi.