Swali la Fundi Saa

Daktari wa Bugando alituchorea nyuma ya risiti:
duara, duara, kisha donge.
"Protini hii ndiyo inayomtetemesha mzee."

Baba, Malale, fundi saa wa Makoroboi,
hakuuliza atapona lini.
"Ilipokuwa nzima," alisema, "ilikuwa na kazi gani?"

Daktari akaweka kalamu chini.

Kumbe ni kuli.
Mwili wake teketeke, hauna umbo
mpaka auegemeze kwenye mzigo.
Husimama ukingoni mwa seli
kama wale wa mwalo wa Kirumba kabla hakujakucha,
akivikusanya vifuko vya dopamini
karibu na mlango, visitawanyike,
vingoje umeme upite.
Ukipita, kifuko hufunguka,
na kidole cha baba huinua skrubu
ndogo kuliko jicho la dagaa.

Miaka arobaini, skrubu ngapi?
Hatukumjua hata jina
hadi makuli waliposhikana wao kwa wao
wakalala mlangoni.

"Basi si mwizi," baba alisema.
"Hata sisi," daktari akajibu, "kazi yake yote hatujaijua."

Tulishuka kilima polepole, ziwa likimeta
katikati ya mawe na mabati.

Jioni akanipa kibano.
"Shika wewe."
Mkono wake juu ya kiwiko changu, ukitetemeka,
ukinionyesha njia.
Skrubu ilianguka mara mbili.
Ya tatu, ikaingia.