Paa la Herufi

Dolgellau, Februari, chumba cha nyuma
cha duka la vipuri vya matrekta.
Mezani pangu kioo cha kijani, mistari miwili,
kila mstari nafasi kumi na sita.
Ukikiwasha kabla hujakisemesha
kinakutolea safu ya miraba myeusi,
meno ya mtu aliyenuna.

Kumi na sita. Mwalimu Shekue wa Pangani angecheka.
Alitugongea mizani kwa rula juu ya dawati,
nane za ukwapi, nane za utao,
na aliyeleta ya kumi na saba alirudi nayo kwao.
Hapa pia herufi naikata mapande mawili,
nusu ya juu kwanza, kisha ya chini,
kwa sababu nina waya nne tu za kuipitisha.

Kazi yenyewe si ya kujisifia:
shika anwani ya herufi ya kwanza,
itume, songa hatua moja, itume,
ukikuta sifuri, koma.
Sifuri haionekani, lakini inataka kiti.
MAJI YAMEPUNGUA, niliandika, kujaribu tu:
herufi kumi na nne, pengo moja, sifuri mkiani,
kumi na sita kamili, hakuna aliyesimama.

(Wiki iliyotangulia nilimsahau huyo wa mkiani.
Kioo kikapitiliza neno, kikaingia kwa jirani,
kikasoma halijoto ya jana, nusu ya jina nililofuta,
na herufi za Kijapani nisizozijua.)

Bi Eirlys Pugh, kondoo mia tatu,
tangi moja juu mlimani, buti zimejaa tope,
aliinama akasoma: DWR YN ISEL.
Akanyooka.
"W hii haina paa."
Nikamwambia kiwandani hawakuitia.
"Basi hayo si maji. Hicho ni kikohozi."

Kijapani wamekitia. Alama ya yeni wameitia.
Paa dogo la Kiwelisi, la.
Lakini wameacha vyumba vinane vitupu
kwa mwenye herufi yake mwenyewe,
safu nane za vitone vitano vitano.
Nikachora kwenye karatasi ya hesabu:
kitone kimoja kileleni, viwili chini yake, hilo paa;
kisha kuta mbili, nguzo ya katikati, miguu.
Nne, kumi, kumi na saba, kumi na saba,
ishirini na moja, ishirini na moja, kumi, sifuri.
Nikaiweka chumba cha kwanza, namba sifuri,
kama fundi yeyote anavyoanza kuhesabu.

Kioo kikaandika D.
Kikanyamaza.

Nilibadilisha waya. Nilizungusha skrubu ya mwangaza
mpaka D ikafifia, ikarudi.
Nilikula sandwichi ya jibini iliyokauka.
Saa mbili usiku ndipo nilipojicheka:
herufi yangu inaitwa sifuri,
na sifuri ndiyo niliyoiamuru kioo ikome nayo.
Nimelijengea neno paa,
nikalifunga mdomo kwa paa hilohilo.

Nikaihamishia chumba namba moja.
DŴR YN ISEL.

Mstari wa pili hauanzii pale wa kwanza unapoishia.
Unaanzia mbali, anwani ya sitini na nne,
na nyuma ya zile kumi na sita
zipo nafasi ishirini na nne zinazopokea herufi
bila kuzionyesha.
Humo nimeandika SHEKUE. Hakuna atakayeuliza.

Asubuhi alikuja na maji yakimchuruzika kofiani.
Alisoma kwa sauti, taratibu,
akigusa paa kwa ukucha.
Akatazama dirishani, mvua ya siku ya tisa.
"Sasa limeandikwa sawa," akasema.
"Ila ni uongo."